Hiyo i7 Unayouziwa Ni ya 2011

Wasee, leo sina vidio. Leo naandika, kwa sababu haya mambo nikiyasema kwa sekunde 60 mtacheka, mtaweka moto kwa komenti, halafu Jumamosi mtaenda tao kupigwa vilevile.

Nianze na kosa langu ndio nipate haki ya kuongea. Mwaka jana duka moja la kompyuta lilinilipa elfu tano nirekodi mashine yao. "Mashine ya gemu, Core i7, RAM GB 16, kadi ya grafiki GB 4, elfu 38 tu." Keshi nyeusi, kioo ubavuni, feni nne zinawaka kuliko matatu ya Rongai usiku wa Ijumaa. Nilirekodi dakika ishirini, nikasema "hii inabeba gemu yoyote, manze," nikachukua doo yangu nikaenda. Sikufungua keshi. Sikuuliza hiyo i7 ni ya mwaka gani. Sikuwasha gemu hata moja.

Wiki tatu baadaye kijana wa miaka 19 akaniandikia inboksi. Alikuwa amefanya mjengo miezi mitano akiweka kidogo kidogo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Bro, nilinunua ile mashine uliposti. Valorant inakataa kufunguka. Ni mimi sijui kuitumia ama?"

Hiyo "ni mimi sijui" ndio ilinimaliza. Mtu amepigwa elfu 38 na bado anadhani shida ni yeye.

Nikamwambia anitumie picha ya ukurasa unaoonyesha mashine ina nini ndani. Prosesa: i7-2600. Kadi: GT 730. Hapo ndio nilijua nimewauzia watu nini.

Sasa skizeni. Mashine ya gemu ya bei nafuu iko, na nitawaonyesha. Lakini hiyo mnayouziwa kwa jina la i7 na taa ni uongo, na uongo huo hausongi peke yake. Unasongeshwa na duka, unasongeshwa na sisi watu wa kontenti, na mnausongesha nyinyi pia mkikataa kuuliza maswali kwa kuogopa kuonekana washamba.

Tuanze na hiyo i7, maana hapo ndio dini ya wengi iko.

"Core i7" peke yake haisemi kitu. Ni kama mtu akuambie anauza Prado. Sawa, Prado, lakini namba ya KB ama KD? i7-2600 ilitoka Januari 2011. Magari yaliyokuwa yakisajiliwa Kenya mwaka huo yalipewa namba za KB. Ndio, ilikuwa prosesa kali sana wakati wake. Lakini mtu akikuuzia Prado ya KB kwa bei ya KD ati kwa sababu "si ni Prado tu," utamwita nani?

Kujua kizazi cha prosesa ya Intel ya mezani ni hesabu ya darasa la pili. Angalia ile namba baada ya i3, i5 ama i7. Toa tarakimu tatu za mwisho. Kinachobaki ndicho kizazi. i7-2600: inabaki 2, kizazi cha pili. i5-8500: inabaki 8. i3-12100: inabaki 12. Na ukikutana na i7-870, hakuna kinachobaki, hiyo ni ya kwanza kabisa, ya 2009. Wakati huo wewe ulikuwa unajifunza kufunga kamba za viatu.

Sasa linganisha. i7-2600 ina viini vinne na nyuzi nane za kazi. i3-12100, ambayo ilitoka 2022, ina viini vinne na nyuzi nane pia. Kwa karatasi ni ndugu. Lakini kiini kimoja cha hiyo i3 kinafanya karibu mara mbili ya kazi ya kiini kimoja cha ile i7, na gemu nyingi zinategemea sana nguvu ya kiini kimoja kimoja. Halafu i7 ya zamani imeandikwa wati 95, i3 mpya imeandikwa wati 60. Yaani i3 ya watu "wasiojiweza" inaichapa i7 yako na inakula tokeni kidogo. Mwenye duka anajua hivyo. Anajua pia kwamba wewe unaogopa kuambia maboyz umenunua i3.

Na kuna mlango mwingine umefungwa ambao hauonekani dukani. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Windows 10 nayo, Microsoft iliacha kuihudumia kikawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Duka linafanya nini? Linalazimisha Windows 11 iingie kwa mashine ya 2011. Inaingia, inawaka, inapendeza. Lakini Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot. Haina, haifunguki. Yule kijana hakuwa na shida ya kutojua kompyuta. Aliuziwa tikiti ya mechi ambayo geti lake lilifungwa kabla hajafika.

Tuje kwa kadi. "GB 4" ndio neno linaloua watu wengi Nairobi.

Hizo GB ni stoo. Stoo kubwa ni nzuri, lakini gemu inahitaji kitu kitoke stoo haraka. Ile GT 730 ya kumbukumbu za DDR3, yenye njia ya biti 64, inapitisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1650 ya GDDR5, ambayo pia ina GB 4, inapitisha GB 128 kwa sekunde. Zote zitaandikwa "kadi ya GB 4" kwa bango la duka. Moja ni tangi la maji lenye bomba la maana, nyingine ni tangi hilo hilo limefungwa mrija wa soda. Jaza vile unataka, maji yatatoka tone tone.

Na hiyo GT 730 ni ya 2014. Zile nyingi zenye chipu ya Kepler, Nvidia iliacha kuzitolea draiva mpya za gemu mwaka wa 2021. Unanunua kadi ambayo kampuni yake ilishaiaga kitambo.

Afadhali hata GT 730, maana angalau inajitambulisha kwa jina lake. Kuna kadi feki. Mtu anachukua kadi ya zamani kabisa, anaandika upya programu yake ya ndani, kompyuta inaisoma kama GTX 1050 Ti. Ukifungua Windows inakuambia 1050 Ti. Ukifungua gemu inakufa. Dawa ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Tangu 2018 inaweza kutambua nyingi za hizo feki za Nvidia, na ikiitambua inaandika FAKE waziwazi mbele ya jina. Weka kwa flashi, nenda nayo dukani. Muuzaji akikataa uichomeke, umeshapata jibu na hujatumia shilingi.

RX 580 nazo ziulizie vizuri. RX 580 yenyewe ya 2017 ni kadi poa kwa bajeti. Lakini kuna ile ya "2048SP," ambayo kwa ndani ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Haijaoza, lakini lipa bei ya 570. Na kumbuka tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki. Kadi kibao zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni dunia nzima. Kadi ya kuchimba si lazima iwe mbovu. Ila iwashe, ipe kazi ngumu robo saa nzima ukiwa hapo hapo, uangalie joto, usikilize feni. Ikiwa mwenyewe ana haraka, mwambie na wewe una haraka ya kwenda duka lingine.

Sasa nije kwa kitu ambacho hakuna mtu anakiposti kwa sababu hakina taa: pawa saplai.

Yule kijana alifungua keshi akanipigia picha ya stika. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: 600W. Chini, kwa herufi za kusoma na tochi: +12V, 16A. Prosesa na kadi ya grafiki zinakula hasa kutoka hiyo laini ya volti 12. Zidisha 12 kwa 16. Ni wati 192. Hiyo "600" ni ya kupamba tu, kama "sukari bure" kwa tangazo.

Maana yake ni nini? Akisema "basi nitaongeza tu RX 580 baadaye," kadi hiyo peke yake imeandikwa wati 185. Ongeza 95 za prosesa, tayari ni 280 kabla hujahesabu feni na diski. Hiyo saplai itazima, au siku mbaya iondoke na mazabodi. Sasa ongeza stima yetu, ile ya kupotea saa mbili usiku na kurudi na kishindo. Unaweka elfu 38 yako juu ya kibati cha mia nane.

Msidanganywe pia na stika ya 80 Plus peke yake. Hiyo inapima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto. Ni kitu kizuri, lakini haikuhakikishii saplai ina ulinzi wa kujizima umeme ukizidi. Angalia jina la kampuni, angalia ampea za laini ya 12, angalia kama kuna waranti ya kuandikwa. Ya mdomo ni hewa.

Nimesema haya kwa maboyz wangu wakaniambia, "Wee unataka kila mtu anunue vitu vipya kama wale wazungu wa YouTube." Hapana. Mimi ni mtu wa mitumba kutoka viatu mpaka prosesa. Wale wasee wa Marekani wakisema "bajeti" wanamaanisha pesa ambayo hapa ni kodi ya nyumba miezi sita, na vitu wanavyoorodhesha havifiki hapa kwa bei yao, kwa sababu kuna usafiri, kuna VAT ya asilimia 16, na kuna faida ya kila mkono uliopokea. Kunakili orodha yao bila kufikiria ni ushamba mwingine tu.

Kwa mfuko wetu mimi naona njia mbili.

Njia ya kwanza ni mashine ya ofisi ya mitumba, lakini ya kizazi sahihi na mwili sahihi. Kwa mfano Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, zile za i5-8500. Hiyo prosesa ya 2018 ina viini sita vya kweli na Windows 11 inaikubali bila kulazimishwa. Chukua ile ndefu, tawa. Ile nyembamba haibebi kadi ya kimo cha kawaida, utaanza kutafuta kadi fupi ambazo ni ghali na ni nadra. Ukishapata tawa, ongeza GTX 1650 ya wati 75, ile isiyo na tundu la waya wa umeme. Nafasi ya kadi kwa mazabodi inatoa mpaka wati 75, kwa hivyo inakula hapo hapo, na saplai ndogo ya kampuni inatosha. Usijaribu kuweka kadi kubwa kwa mashine hizi ukidhani utabadilisha saplai kwa urahisi. Nyingi zina plagi zao za kipekee, si zile za kawaida.

Ni mbaya kwa macho? Sana. Inakaa kama kompyuta ya ofisi ya chifu. Lakini inafungua gemu.

Njia ya pili ni ya mtu anayeweza kujenga polepole. Ryzen 5 5600G, ya 2021. Hiyo G inamaanisha ina grafiki ndani, kwa hivyo unaanza kucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote. Mazabodi ya AM4 iwe B450 au B550. Pawa saplai ya maana kutoka siku ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo utabaki nayo. Kadi ya grafiki ije mwaka ujao, labda RX 6600 ya mtumba, ambayo ina GB 8 na imeandikwa wati 132 tu. Usichanganye hii na herufi F kwa Intel. i5-12400F haina grafiki ndani kabisa. Kuna watu wamefika nyumbani, wakawasha, skrini nyeusi, wakadhani imekufa.

Kwa njia hii ya pili, RAM nunua vipande viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16. Vikiwa viwili vinapitisha data kwa njia mbili kwa pamoja, na grafiki ya ndani inaishi kwa hiyo RAM. Utaona tofauti bila kupima. Ndio, najua bei ya RAM. Mwisho wa 2025 ilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia seva za AI. Ndiyo maana tena usipoteze shilingi kwa feni za rangi. Kila elfu moja sai ina kazi.

Diski: SSD, hata ya GB 256, kabla ya ile hadi diski ya TB 1 wanayokuwekea kama zawadi. Hizo hadi diski nyingi zimetolewa kwa seva na kamera za ulinzi. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inakuonyesha diski imewashwa masaa mangapi. Mwaka mmoja una masaa 8,760. Ukiona 40,000, hiyo diski imefanya kazi zaidi ya miaka minne bila kulala, na unaipa kazi ya kukutunzia kila kitu ulicho nacho.

Sasa nijibu wale najua watakuja kwa komenti.

"Unaharibia watu hasla." Hapana. Sina shida na mtu anayeuza i7-2600. Iuze. Iandike: "Kompyuta ya 2011, nzuri kwa ofisi, kwa saiba, kwa mtoto wa shule." Weka bei yake. Nitakuja nikurekodi bure. Hasla ni kuuza kitu kwa jina lake. Ukikibadilisha jina ndio uongeze elfu ishirini, hiyo ina neno lingine, na si hasla. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halikupi ruhusa ya kudanganya.

"Si ununue tu PlayStation." Kama unataka FC na maboyz wikendi, enyewe nunua, sitakuzuia. Lakini wengi wenu hamtafuti gemu tu. Mnatafuta mashine ya gemu ambayo pia itakata vidio, itafanya kodi, itachapa kazi ya mtu, italipa hata nusu ya kodi ya nyumba. Mimi kodi yangu inatoka kwa mashine. Ndiyo maana nikiona mtu wa miaka 19 ameuziwa sanduku la taa, sioni mtoto amekosa gemu. Naona mtu ameibiwa kifaa cha kazi kabla hajaanza kazi.

"Wewe uliacha chuo, unatufunza nini?" Kweli niliacha. Lakini kuzidisha 12 kwa 16 hakuhitaji digrii. Inahitaji tu uiname usome stika, kitu ambacho mimi mwenyewe sikufanya siku ile nilipolipwa elfu tano.

Na hapo ndio nataka tusikilizane sisi watu wa kontenti. Tunajua tunachofanya. Duka linajua msee mwenye wafuasi elfu kumi mtaani anaaminika kuliko bango. Kwa hivyo linatununua, na sisi tunauza ile imani kwa elfu tano, elfu saba, wengine kwa kibodi ya taa tu. Hatusemi tumelipwa. Tunasema "nimepata hii duka poa sana." Mtu akipigwa, duka linasema hajui kompyuta, sisi tunasema "mimi nilikuwa natangaza tu." Wote tumekula, na mwenye kulipa ni mmoja.

Najua mkishasoma hii kuna maduka hayatanipigia simu tena. Mawili tayari yameniambia niache "kuchomea watu." Sawa. Hiyo ni kodi ya mwezi inayumba, na sitajifanya haniumi. Lakini kuanzia leo, nikilipwa kurekodi mashine nitasema nimelipwa, mwanzoni mwa vidio, na si kwa maandishi madogo mwishoni. Nitafungua keshi mbele ya kamera. Nitasoma prosesa, kadi na stika ya saplai kwa sauti. Nitawasha gemu mnayocheza, si vidio ya gemu. Duka likikataa hayo, sirekodi. Wengine wa kontenti mnaosoma hii, mnajua nawaongelesha nyinyi.

Yule kijana je? Nilimrudishia zile elfu tano, maana zilikuwa zake tangu mwanzo. Tulirudi wote kwa lile duka, tukaonyeshwa bango la ukutani. Tukaiuza mashine elfu 15, tukiandika ukweli wote kuihusu, na ikachukuliwa na mtu wa saiba ambaye alijua anachonunua. Akaongeza elfu 18 zake, alizotafuta miezi minne tena. Tawa ya i5-8500 elfu 24 na mia tano, GTX 1650 ya mtumba elfu 13 na mia tano. Piga hesabu: elfu 38. Pesa ileile aliyotoa mara ya kwanza. Siku ile ya kwanza, kwa pesa ileile, angepata hii. Tofauti ilikuwa mtu mmoja kumwambia ukweli, na mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Kwa hivyo Jumamosi ukienda tao, uliza haya kabla M-Pesa haijatoka. Prosesa ni namba gani kamili? Kadi ni jina gani kamili, na GPU-Z inasemaje? Saplai ina ampea ngapi kwa laini ya 12? Diski imefanya masaa mangapi? Waranti iko kwa risiti? Muuzaji mzuri atajibu yote bila kukasirika, na wako wengi, Luthuli na kwingine, ambao watafurahi kupata mteja anayejua. Anayekasirika amekusaidia pia.

Na ubebe bisibisi.